Fundisho: Kuwakumbuka wanawake waliotumika jeshini wakati wa vita

Katika mji wa London, Uingereza, kwenye barabara ya Whitehall, kuna mnara wa shaba usio na sura ya mtu. Pande zake zote zimetundikwa mavazi 17: sare za kijeshi, joho la muuguzi, nguo za kazi. Hakuna uso wala jina. Malkia Elizabeth wa Pili aliuzindua tarehe 9 Julai 2005. Yeye mwenyewe alijiunga na jeshi la wanawake mwaka wa 1945, akajifunza kuendesha na kutengeneza magari ya kijeshi.

Vita hiyo, Vita Kuu ya Pili, ilikwisha mwaka 1945. Ndugu msomaji, jiulize: kwa nini kungojea miaka 60?

Haikuwa kwa sababu walikuwa wachache. Wanawake wapata 640,000 walivaa sare. Kuanzia Desemba 1941, sheria iliwalazimisha hata wasichana wasioolewa kuingia katika utumishi wa vita. Wengi walipangwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Walimulika anga kwa taa kubwa, walipima ndege ya adui iko juu kiasi gani, walielekeza mzinga. Lakini amri ilikataza mwanamke kuufyatua. Kazi hiyo ya mwisho aliachiwa mwanaume aliyesimama pembeni. Mabomu yalipoanguka hayakuchagua, ila mshahara ulichagua: mwanamke alipata theluthi mbili ya ule wa mwanaume wa cheo chake. Vita ilipokwisha, walivua sare na kurudi nyumbani. Nafikiri ndiyo maana ya yale mavazi matupu, ingawa mimi ningependa kuona walau uso mmoja.

Hesabu ya namna hiyo tunaijua hapa kwetu Congo. Baada ya serikali ya mpito kuundwa mwaka 2003, ilianzishwa tume ya CONADER ili kuwatoa wapiganaji jeshini na kuwarudisha katika maisha ya kiraia. Kwa mtu mzima, swali la kwanza lilikuwa: silaha yako iko wapi? Mama aliyebeba risasi kichwani, aliyepika, aliyepeleka ujumbe au kuuguza majeruhi, mara nyingi hakuwa na bunduki ya kurudisha. Na msichana aliyechukuliwa kwa nguvu kuwa “bibi” wa mkubwa wa kikosi, aliandikwa kama jamaa yake, au hakuandikwa kabisa. Kanuni za Cape Town za mwaka 1997 zilikwisha kusema kwamba mtoto anayepika au kubeba mizigo katika kikundi chenye silaha ahesabiwe kama mtoto askari, na msichana aliyeingizwa kwa ajili ya ndoa ya lazima vilevile. Hata hivyo wasichana wengi walirudi kijijini kimya kimya, bila karatasi na bila msaada wa kujifunza kazi.

Lakini hatuwezi kuiga London tu. Mwanamke wa kule aliitwa na sheria ya inchi yake, na jirani zake walimpigia makofi. Wa kwetu, mmoja alikamatwa njiani akitoka shambani, mwingine alijiunga ili asiuawe, mwingine alitaka kulipiza kisasi cha ndugu zake. Tena katika kijiji hicho hicho anakaa mtu ambaye kikundi chake kilimwibia ng'ombe au kumwua mtoto. Kumwita mama huyo mbele ya watu kwa jina lake kunaweza kumrudishia aibu, yeye na mtoto aliyemzaa porini.

Basi, kabla kikundi chenu hakijapanga siku ya ukumbusho, kaeni na wamama peke yao, bila wachifu na bila picha. Waulizeni wanataka kitajwe nini, na kinyamaziwe nini. Kisha zungumzeni na familia zilizoumizwa: je, wao wanaweza kuketi siku hiyo kwenye benchi moja na mwanamke aliyewapikia wale waliokuja usiku?