Zana iko wapi? Maswali kuhusu mkono ndani ya uhalisia pepe

Nikivaa miwani ya uhalisia pepe, rimoti mkononi hugeuka mara brashi, mara kifutio. Nabadilishaje zana bila meza wala kipanya?

Njia iliyozoeleka ni mwali. Menyu inaelea mbele yako, rimoti inatoa mstari wa mwanga, unaulenga kwenye zana na kubonyeza. Mgeni huielewa papo hapo. Tatizo ni kule kubonyeza: kidole kikigusa kitufe, kiganja hutikisika na mwali huhama. Watafiti wameupa mtikisiko huo jina la mwanafizikia Heisenberg. Menyu ikiwa mbali, mtikisiko mdogo tu unatosha. Ulitaka brashi, umepata kifutio.

Mkono wangu huchoka upesi. Ni umri?

Hata vijana huchoka. Mkono ulionyooshwa hewani bila egemeo hauna stahamala.

Basi menyu iwekwe wapi?

Kwenye mkono mwingine. Mtazame anayekata sukuma wiki: kushoto ameshika fungu, kulia kisu, na ni ule wa kushoto unaosogeza majani kukifuata kisu. Mwaka 1987 Mfaransa Yves Guiard alieleza mgawanyo huo: mkono mmoja huandaa mahali, mwingine hufanya kazi ya makini. Tilt Brush, programu ya kuchora ya Google ya mwaka 2016, imejengwa hivyo. Menyu yake ni paleti yenye pande kadhaa, unaizungusha kwa dole gumba la mkono mmoja na kuchagua kwa mwingine. Viwiko vinabaki karibu na mbavu.

Kuna njia isiyohitaji macho?

Ndiyo, na ndiyo niipendayo. Fundi cherehani haangalii mkasi ulipo, mkono unajua. Mwaka 1997 Mark Mine wa North Carolina, Marekani, na wenzake walificha menyu juu ya kichwa uivute chini, na kitu usichokitaka ukakitupa nyuma ya bega. Mchezo Half-Life: Alyx wa 2020 nao unakufanya uchomoe risasi begani, kama mtu anayetoa kitu kwenye mkoba wa mgongoni. Ila mwili hauna mifuko mingi: zana tatu au nne, zaidi ya hapo unaanza kujipapasa.

Na sisi wa mkono wa kushoto?

Kwenye Tilt Brush gonganisha vitako vya rimoti mbili. Brashi na paleti zinabadilishana mikono.