Joto la Mmoja, Joto la Wanane

Miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, iko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda Mlima Elgon kuelekea kilele cha Wagagai, kwenye kambi ya Mude umefika karibu mita 3,500. Hewa inayopanda hukuta shinikizo dogo, hutanuka, na kutanuka huko hula nishati yake. Kwa wastani, halijoto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Mbale ikiwa na nyuzi 25 mchana, Mude ina kama 10, na usiku hushuka zaidi.

Tuseme tunajenga kibanda huko. Mlinzi mmoja ataishi humo mwaka mzima. Wapandaji wanane watalala usiku mmoja na kuondoka.

Tuanze na ardhi. Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Nametsi, wilayani Bududa, kwenye mlima huu huu, uliporomoka na kufukia watu wengi. Maji ya mvua yakijaa kati ya chembe za udongo, huzisukuma zisishikane. Ukichimba mguu wa mteremko ili upate uwanja, unaondoa pia kinachoubeba. Kwa hiyo kibanda kikae mgongoni mwa kilima, juu ya nguzo, na maji ya paa yapitie mifereji hadi kwenye tangi.

Sasa joto. Mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100. Wapandaji wanane hutoa 800. Mlinzi, 100 zake tu. Joto hutorokea kutani, paani na sakafuni, na eneo likiwa kubwa, hutoroka kwa wingi. Chumba kinachowatosha wanane kitamtesa mmoja kwa baridi. Kwa hiyo tugawe: chumba kidogo cha mlinzi, chenye dari ya chini na dirisha la mashariki, kwa kuwa mawingu hukusanyika alasiri, na ukumbi wa wageni unaofungwa wasipokuwepo. Kati ya vyumba hivyo tujenge ukuta wa mawe wenye jiko na bomba la moshi. Mawe hunywa joto jioni, yakalirudisha usiku pande zote mbili.

Tatu, pumzi. Watu wanane usiku kucha hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa mvuke. Mvuke ukigusa mabati baridi hugeuka matone, na matone huangukia blanketi. Basi pawe na dari ya mbao chini ya mabati, na matundu ya hewa juu ya kuta. Matundu hayo hayaruhusu mtu kulala na sigiri ndani: makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni, ambayo huku juu tayari ni haba.

Kosa la fundi, mgeni hulivumilia usiku mmoja. Mlinzi huishi nalo. Kibanda kikishajengwa, kipimwe usiku ambao yeye yumo peke yake, na wati zake 100.