Jirani anayeomba unga kila juma

Swali: Mchungaji, jirani yangu hapa Malemba-Nkulu ni mjane. Kila juma anatuma mtoto kuomba unga wa bukari, nami nina watoto sita. Nikimnyima, nimetenda dhambi?

Jibu: Hapana, mama. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha ya mtu aliyemkuta njiani, akamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaendelea na safari yake. Alitoa kwa kiasi, ila aliahidi kupitia tena. Sisi wahubiri hupenda kuruka hapo.

Siku huna, usimrudishe mtoto na bakuli tupu bila neno. Aibu anaibeba yeye. Nenda kwa mama yake mwenyewe. Mambo ya Walawi 19 iliwaagiza wenye mashamba wasivune hadi pembeni, ili maskini wavune wenyewe yaliyobaki. Basi mwonyeshe matuta ya mihogo anayoweza kuchimba, au mkopeshe samaki wa mto Lualaba akauze sokoni, faida iwe yake.

Na akina mama wa kanisa je? Wakichangia kopo moja moja, mzigo haukuelemei peke yako. Mjane naye aalikwe kikundini, na apewe kazi kama wengine.