Insha ya Masimulizi: Safari ya Kileleni pamoja na Familia

Swali

Andika kisa kitakachomalizika kwa maneno haya:
"...niliposimama kileleni na kutazama tulikotoka, nilielewa kwa nini baba alisisitiza twende sote." (Alama 20)

Kulielewa swali

Mtahiniwa, kabla ya kuandika lolote, tambua mambo matatu yanayodaiwa na swali hili:

(a) Kilele lazima kifikiwe.
(b) Baba *alisisitiza*. Basi kuna mtu aliyekataa au kusita.
(c) Neno *sote* ndilo kiini. Lazima awepo mtu ambaye asingefika bila wenzake.

Insha isiyoonyesha (c) itasomeka kama maelezo ya matembezi tu, hata lugha yake ikiwa nzuri.

Kuchagua mlima

Wengi hukimbilia Kilimanjaro. Mlima huo una urefu wa mita 5,895 na kuupanda huchukua siku kadhaa. Huko juu hewa ni nyepesi, hata watu wenye nguvu huumwa kichwa na kutapika. Ukiandika kwamba familia iliupanda asubuhi ikarejea nyumbani jioni, msahihishaji hatakuamini.

Kwa safari ya siku moja, Mlima Longonot ulio karibu na Naivasha unafaa. Ni volkeno iliyo katika Bonde la Ufa, na kilele chake kina urefu wa mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni takriban kilomita tatu za mwinuko, vumbi la majivu ya volkeno na kivuli haba. Ndani ya kasoko kuna msitu. Nje, Ziwa Naivasha huonekana. Kumbuka hili: *ukingo si kilele*. Anayefika ukingoni akidhani amemaliza huona kilele kikiwa bado mbali, na njia ya kuuzunguka ukingo wote ni takriban kilomita saba.

Mpangilio

1. *Utangulizi (aya moja):* Baba anatangaza safari; mmoja anakataa. Usieleze kiamsha kinywa wala kila kituo cha barabarani.
2. *Kupanda hadi ukingoni:* Jua, vumbi, maji yanayopungua, manung'uniko.
3. *Ukingoni:* Hapa ndipo penye mgogoro. Je, warudi au waendelee? Pape nafasi kubwa zaidi.
4. *Kileleni:* Aya fupi, kisha maneno ya swali. Usiongeze neno baada yake.

Aya ya mfano (sehemu ya 3)

"Mama aliketi juu ya jiwe, akavua viatu. 'Mimi nimefika,' alisema. Ng'ambo ya kasoko, kilele kilikuwa bado kinatungoja. Maji yalibaki nusu chupa. Kaka, ambaye tangu juzi alisema hana haja na mlima, aliichukua chupa ile na kumpa mama bila kuionja. Kisha akamtua mkoba, akauvaa yeye. 'Hatuna haraka, mama,' alisema, akamnyoshea mkono."

Zingatia: hakuna mahali palipoandikwa kuwa familia hii inapendana. Chupa na mkoba vimetosha. Aidha, aliyekataa safari ndiye anayembeba mwenzake, kwa hiyo neno *sote* limejibiwa kabla ya kufika mwisho.

Makosa ya kuepuka

- Kurundika methali. Moja inayofaa, kama *Mvumilivu hula mbivu*, yatosha.
- Kuleta simba, jambazi na mafuriko katika kisa kimoja. Mwinuko na uchovu ni mgogoro tosha.
- Kufika kileleni kwa sentensi moja kwa sababu muda umeisha. Una saa 1¾ kwa insha mbili. Tumia dakika tano za kwanza kupanga.
- Kuandika chini ya maneno 400.

Zoezi

1. Iandike upya aya ya mfano, msimulizi akiwa yule kaka.
2. Andika utangulizi ambamo anayekataa safari ni nyanya.
3. Andika insha kamili ukitumia mlima au kilima kilicho karibu na kwenu.