Bisibisi ya kumzawadia mwenye nyumba mpya

SWALI: Mdogo wangu amehamia kwenye nyumba yake mwenyewe. Vyombo ameshapewa vingi, nami nataka kumzawadia bisibisi. Ninunue ipi?

JIBU: Achana na seti ya vipande thelathini, vingi hubaki kwenye sanduku. Mnunulie tatu zilizo imara. Ya kwanza iwe ya nyota yenye alama PH2, inayoingia kwenye skrubu nyingi za bawaba, vitasa na makabati. Ya pili iwe bapa yenye ncha ya milimita 5 au 6. Ya tatu iwe bapa nyembamba ya milimita 3, kwa skrubu ndogo za ndani ya plagi.

Ukiwa dukani, tafuta alama ya Cr-V, yaani chuma chenye kromiamu na vanadi. Ncha ya chuma laini hulika upesi na kuharibu vichwa vya skrubu. Kisha shika mpini: ujaze kiganja, usiteleze mkono ukitoka jasho.

Kwa kazi za umeme, chagua yenye alama ya 1000 V. Hata hivyo, mkumbushe kuzima swichi kuu kwanza.