Kutua Si Kuahirisha

Fungu la kusoma: Hesabu 9:1-23



Kuna neno moja linalosikika kila siku katika makao yetu: "Tutafanya tukirudi nyumbani." Ndoa itabarikiwa tukirudi. Mtoto ataanza shule tukirudi. Yule ndugu tuliyegombana naye, tutapatana tukirudi. Wazee walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana juu ya jambo hili. Moja inasema, subira yavuta heri. Nyingine inasema, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Ipi ni ya kweli? Zote mbili ni kweli, lakini hazisemi juu ya jambo moja. Tuyatazame maneno matatu.

1. KUTUA

Kutua ni kushusha mzigo. Ndege hutua, na mama mwenye kuni kichwani hutua apumue. Kutoka neno hilo tumepata neno kituo. Wengi wetu tulivuka kutoka Kasindi tukaingia Mpondwe, tukatua Bwera, kisha tukapelekwa mbele, wengine Rwamwanja, wengine Kyaka II. Anayetua hajaitupa safari. Mzigo bado ni wake, na atauinua tena.

2. KUCHELEWA

Neno hili linatokana na kucha, yaani mapambazuko. Aliyechelewa ni mtu ambaye kumekucha naye bado hajafika. Mara nyingi si kosa lake. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika huko Kasese ukabomoa nyumba na madaraja. Aliyekuwa njiani siku hizo alichelewa, wala hakuna wa kumlaumu. Vita navyo vimetuchelewesha hivyo hivyo.

3. KUAHIRISHA

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno akhera. Kuahirisha ni kulisukuma jambo nyuma, lije mwishoni. Hapa hakuna mto uliofurika. Jambo liko mkononi mwetu, nasi wenyewe tunaliweka mbali.

Je, kuahirisha ni dhambi siku zote? Hapana. Katika Hesabu 9, watu fulani walikuwa wamegusa maiti, wasiweze kula Pasaka siku yake. Musa hakuwajibu kwa haraka. Aliwaambia wangoje kwanza asikie Bwana atasema nini. Ndipo Mungu akaweka njia: aliye najisi kwa ajili ya maiti, au aliye katika safari ya mbali, ataila Pasaka mwezi wa pili, siku ya kumi na nne, jioni.

Angalieni vizuri, wapendwa. Walio katika safari ya mbali ni watu kama sisi! Mungu aliwahurumia, akawaahirishia. Lakini hakuwaambia wangoje mpaka wafike Kanaani. Aliwapa mwezi mmoja, akataja na siku. Tena aliongeza onyo kali kwa mtu aliye safi, asiye safarini, ambaye anaiacha tu. Basi kuahirisha kwa halali kuna mambo mawili: sababu ya kweli na siku iliyotajwa. "Tukirudi" si siku. Haimo katika kalenda yoyote.

MFANO KUTOKA MPAKANI

Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kufika wilaya ya Kasese, wasafiri pale Mpondwe walisimamishwa wanawe mikono na kupimwa joto la mwili. Kusimama huko kulilinda maisha, ingawa kuliudhi wenye haraka. Lakini mgonjwa mwenyewe hakutakiwa kungoja hata siku moja. Alitakiwa afike hospitali upesi, kwa sababu kila siku aliyokaa nyumbani iliwahatarisha wanaomuuguza. Ugonjwa ni ule ule, lakini msafiri aliambiwa tua kwanza, na mgonjwa aliambiwa usiahirishe. Hekima ni kujua mimi nimesimama upande gani.

WINGU JUU YA HEMA

Sehemu ya pili ya sura hii inasema juu ya wingu. Likikaa juu ya hema, Israeli walikaa, iwe siku mbili, iwe mwezi, iwe muda mrefu zaidi. Likiinuka, walisafiri. Hawakujua litainuka lini. Lakini siku za kutua hazikuwa siku tupu. Walilinda agizo la Bwana, watoto walikua, wazee walizikwa kwa heshima, sadaka zilitolewa.

Siku ya kurudi haiko mikononi mwetu. Katika hilo tusubiri, na subira itavuta heri. Lakini kusamehe, kumfundisha mtoto, kulipa deni dogo la jirani, kuomba pamoja nyumbani, hayo hayahitaji mpaka ufunguliwe wala bunduki zinyamaze. Katika hayo, ngoja ngoja yaumiza matumbo, na mara nyingi matumbo yanayoumia ni ya watoto. Mtoto aliyefika hapa ana miaka sita hatangoja amani ndipo awe na miaka kumi na miwili.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Ni mambo gani ambayo familia yetu inasema "tutafanya tukirudi"? Yaandikeni.
2. Katika hayo, yapi yamezuiwa kweli, na yapi yako mikononi mwetu?
3. Chagueni jambo moja lililo mikononi mwenu. Mtalifanya tarehe gani, na nani atawakumbusha?
4. Someni Yeremia 29:4-7. Mungu aliwaambia watu wake wafanye nini walipokuwa ugenini?

Tuombe: Bwana, tupe subira kwa safari iliyo mkononi mwako, na utupe haraka kwa kazi iliyo mkononi mwetu. Amina.