Maji Moto Hayajipeleki Bafuni

Asubuhi za Julai hapa Bokoli baridi huuma. Jirani yangu alinijia amejifunga leso mabegani. “Mwalimu, nimechoma kuni tangu alfajiri. Maji ni vuguvugu, na mfereji wa bafuni unakohoa tu.”

“Twende tukaione hiyo busta, Mama.”

Busta ya kuni ni pipa la chuma lenye moto chini yake, na bomba la moshi likipenya katikati ya maji. Maji baridi huingia chini yakitoka kwenye tangi lililoinuliwa. Ya moto hutoka juu. Yakipata joto hutanuka, lita moja ikawa nyepesi kuliko lita ya maji baridi, ndipo yakaelea. Lakini yanaelea humo pipani tu. Kinachoyafikisha bafuni ni uzito wa maji baridi yanayosukuma kutoka tangini. Kwa hiyo mfereji wa moto ukikauka, usianze kuchochea moto. Gonga tangi kwanza.

Tangi la Mama lilikuwa limejaa. Nikafuata bomba kwa mkono: linatoka kwenye busta, linapanda juu ya mlango wa jikoni, kisha linashuka tena. Kikohozi kilitoka hapo. Maji yanapopashwa huachilia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ndiyo vile vipovu vidogo vya sufuriani kabla maji hayajachemka. Hewa hiyo hukimbilia mahali pa juu, na tangi lililoinuka mita mbili tatu tu halina msukumo wa kuiondoa. Tulifungua mfereji wa chini kabisa, ukatema hewa, ukatulia. Dawa ya kudumu ni kulaza bomba upya, lisiwe na nundu.

Sasa uvuguvugu. Nilichukua kipande cha kuni, nikakitia motoni; povu likatoka kwenye ncha yake likichirizika. Kuni mbichi. Ili kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja ya Selsiasi unahitaji kilojuli 4.2. Kuigeuza kilo hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,260. Mzigo wa kilo 10 wenye kilo 4 za maji ndani yake unameza zaidi ya kilojuli 9,000 kwa kujikausha tu, joto ambalo lingepandisha lita 100 za maji ya kuoga kwa nyuzi zaidi ya 20. Joto la maji ya kuoga ya Mama lilikuwa likipaa na moshi. Na moshi wa kuni mbichi hupaka masizi ndani ya bomba lake, yakawa kama blanketi kati ya moto na maji. Tulilikwangua kwa brashi ya waya, masizi yakajaza karai.

Nilipoinua macho juu ya paa, moyo ulinishtuka. Bomba la kupumulia, lile linalosimama wazi juu kuliko tangi, lilikuwa limezibwa kwa gunzi la mahindi na karatasi ya nailoni. “Lilikuwa linadondosha maji,” Mama akaeleza. Ni kweli, wakati mwingine hudondosha. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 90 huwa lita 103 na ushei, na hizo za ziada lazima zipate pa kwenda. Bomba likizibwa, hurudi nyuma kwenye tangi kupitia bomba la baridi. Nikaenda kutazama vali ya bomba hilo. Ilikuwa nusu imefungwa. Ingefungwa yote, pipa lile lisingekuwa na pa kupumulia.

Hatari yake ni hii. Mjini Kitale, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Ndani ya pipa lililofungwa hayachemki hapo: shinikizo hupanda, na joto lake hupanda hadi nyuzi 110, 120, yakiwa bado ni maji. Chuma kikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita zaidi ya 1,600. Mvumbuzi Denis Papin aliliona hilo mapema. Chungu chake cha mvuke cha mwaka 1679 kilikuja kuwekewa vali yenye uzito, mvuke ukizidi uinyanyue utoke.

Kijana wa Mama alipanda ngazi akalichomoa gunzi. Tulifungua vali ya baridi hadi mwisho, tukawasha vipande vya mkaratusi vilivyokauka tangu Februari. Baada ya muda nikaweka kiganja juu ya pipa, kisha chini: juu pamoto, chini bado baridi.

“Subiri kidogo, Mama,” nikasema. “Yameanza kupanda.”